Kapasita za Vichwa Vyeusi

Kwa miaka sita fundi aliamini kwamba redio yake haisogei. Aliamini hivyo kama mtu anavyoamini kwamba hakoromi: hakuna aliyewahi kumwambia vingine, na yeye mwenyewe hakuwahi kukaa macho akajisikiliza.

Ilikuwa redio ya kuzungumzia, si ya kusikilizia taarifa ya habari. Aliiunda mwenyewe kwenye meza ya karakana yake, chumba kimoja chenye paa la bati na rafu tatu za televisheni zilizotelekezwa na wenyewe. Leseni ya kurusha mawimbi ilining'inia ukutani ndani ya fremu, imenyooka kuliko picha ya harusi yake, jambo ambalo mke wake hakuchoka kulitaja mbele ya wateja. Na kila siku saa kumi na nusu alasiri, kuwe na kazi kusiwe na kazi, fundi aliketi mbele ya redio ile, akabonyeza kitufe, akamwita kaka yake aliyeishi mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Nimekupata, mdogo wangu," kaka angejibu. Siku zote maneno ni hayohayo.

Simu walikuwa nazo wote wawili. Lakini kwenye simu walikuwa watu wa salamu na misiba: hujambo, sijambo, nani amefariki, haya kwaheri. Kwenye redio walikuwa ndugu. Walibishana, wakasimuliana visa vya wateja na vya majirani, wakacheka mpaka mke wa fundi akafunga mlango wa katikati.

Sasa, asiyeijua kazi hii aelewe jambo moja tu. Ndani ya redio kama hiyo mna sehemu inayoitwa osileta, na kazi yake ni kuzaa mawimbi ya kasi ileile, hayapandi wala hayashuki. Osileta ikisogea kidogo, anayesikiliza upande wa pili anapata sauti ya bata. Ikisogea zaidi, hapati neno hata moja. Na kinachoishikilia isisogee ni koili moja ya waya uliozungushwa na kapasita chache, vidude vya ukubwa wa punje ya mahindi. Kapasita hazilingani tabia. Zipo zinazostahimili joto, na zipo ambazo jua likiwaka tu hugeuka, kama wakwe wengine.

Kaka aliyajua haya vizuri, maana alihudumia mitambo ya redio ya reli kwa miaka thelathini hadi alipostaafu. Aliposikia mdogo wake ameanza kuunda redio, alimtumia ganda la kiberiti kwa mkono wa dereva wa basi. Ndani, juu ya pamba, zilikuwamo kapasita kumi za kauri, tisa zimepakwa rangi nyeusi kichwani na moja zambarau. Palikuwa na kikaratasi: "Za osileta. Hizi hazijali joto. Usitumie nyingine hapo."

Lile neno "usitumie" ndilo lililoharibu mambo.

Juu ya mlango wa karakana palikuwa na kibao alichokiandika fundi mwenyewe kwa rangi nyekundu: FUNDI WA KUZALIWA. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Hakufundishwa na mtu. Mtaa mzima uliujua mstari ule wa pili, na mtaa mzima uliuamini. Wapi! Aliyemfundisha ni huyohuyo kaka. Alimkalisha kwenye meza ya jikoni ya mama yao akiwa na miaka kumi, akamshikisha msumari uliopashwa moto kwenye makaa kwa sababu kichomeo cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya hawakuwa nacho, akamwonyesha jinsi ya kuunganisha waya mbili zisiachane. Akaungua kidole, kaka akampulizia. Hilo fundi hakumsimulia mtu yeyote, hata mkewe. Kwanza alikuwa kijana anayetaka sifa, na baadaye kibao kilikuwa kimeshatundikwa, na kukishusha ni kazi kuliko kukipandisha.

Kwa hiyo aliposoma kikaratasi alicheka peke yake. "Kaka bado ananiona mtoto," alisema. Akalitia ganda la kiberiti kwenye droo ya misumari, akachukua kapasita zake za kahawia, zile bapa alizozing'oa kwenye televisheni mbovu, akazichomelea kwenye osileta. Kwenye televisheni zilikuwa zimefanya kazi miaka kumi bila neno. Kwa nini zisifanye hapa?

Wazee wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tatizo la methali hii ni kwamba guu halivunjiki siku ileile. Lingevunjika papo hapo, watu wangesikia.

Jioni ya kwanza kaka alimpata mara moja. "Nimekupata, mdogo wangu."

"Umeona? Imesimama tuli!"

Kaka akauliza, "Umetumia zile nilizokutumia?"

"Nimetumia zinazofaa," fundi akasema.

Kaka akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Haya. Imesimama."

Hakuuliza tena, siku hiyo wala nyingine. Na fundi hakuipima redio yake kamwe. Aliipima mitambo ya watu wengine kuanzia asubuhi hadi mchana, akawakemea wenye nayo kwa uzembe, lakini yake hakuigusa. Kinyozi hajinyoi, na mtu hapimi kitu anachokionea fahari.

Kisha, katika mwaka wa sita, kaka akapatwa na kiharusi. Kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Shemeji, mke wa kaka, alipiga simu akilia, na baada ya siku mbili akapiga tena ametulia: daktari amesema ana nafuu, ameruhusiwa kurudi nyumbani, anaelewa kila kitu ila hawezi kusema.

"Nije?" fundi akauliza.

Hilo neno alilijutia baadaye kuliko mengine yote. Mtu anayetaka kwenda haulizi. Alikuwa na vipaza sauti vya ukumbi mmoja vimetapakaa mezani, ameahidi kuvimaliza, na moyoni alijiambia mwisho wa mwezi hauko mbali. Shemeji, mwanamke mwenye aibu ya kusumbua watu, akasema fanya unavyoona, shemeji.

"Basi msogezee redio kitandani," fundi akamwambia. "Saa kumi na nusu uiwashe. Nitamzungumzisha kila siku."

"Mimi sijui kuiendesha."

"Hakuna cha kuendesha. Yangu haisogei. Weka kwenye alama yake, basi, usiguse kitu."

Na shemeji akafanya hivyo. Kwenye redio ya kaka, pembeni ya kizungushio cha kutafutia masafa, palikuwa na kipande cha plasta nyeupe chenye alama ya kalamu. Aliweka mshale palepale, redio ikiwa upande wa kulia ambako mkono wa kushoto wa kaka haukufika, akaketi kando ya kitanda, mikono mapajani.

Siku kumi na moja fundi alizungumza peke yake. Alisimulia habari za mteja aliyeleta redio iliyojaa sisimizi na kulalamika kwamba inanong'ona. Aliimba vibaya. Baadaye alipiga simu kuuliza, "Kaka anaendeleaje? Anafurahi?" na shemeji alijibu, "Anaiangalia redio tu, shemeji. Habandui macho." Fundi akaridhika.

Siku ya tisa ilikuwa ya jua kali. Bati lilikuwa likilia juu ya kichwa chake. Hajui kilichomsukuma, labda ni kile kimya cha upande wa pili kilichomzoesha kusema. Alibonyeza kitufe akasema: "Kaka, kile kibao changu ni uongo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ule msumari wa makaa naukumbuka, na hiki kidole nakumbuka ulivyokipulizia. Kila mkate niliokula nimeula kwa mikono yako, na sijawahi kukushukuru, wala sijawahi kumwambia mtu. Nisamehe. Ahsante, kaka." Alilia, akajipangusa kwa kitambaa cha kusafishia mashine, akatoka na doa la grisi usoni. Mkewe akauliza umelia? Akasema ni moshi wa risasi.

Siku ya kumi na mbili kaka hakuamka.

Fundi alizika pamoja na wengine, akarudi, na katika majonzi yake alishika jambo moja kama mtu anavyoshika ukuta gizani: angalau nilimwambia. Sikwenda, ndiyo, nilikuwa mjinga. Lakini alisikia. Kila alipozidiwa alijirudishia maneno hayo, naye akapata usingizi.

Miezi miwili baadaye shemeji alikuja kuwatembelea. Alikuwa mwembamba zaidi, na alibeba mfuko wa nguo ambamo chini kabisa mlikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu.

"La kaka yako," akasema. "Aliandika kila siku baada ya kuongea na wewe. Mimi naona namba na maneno mawili matatu, sielewi. Nikasema lazima liwe la fundi."

Walikuwa karakanani, mchana, mke wa fundi ameleta chai. Fundi alilifungua juu ya meza akitabasamu. Tabasamu lilidumu ukurasa mmoja.

Kila siku ilikuwa na mstari wake. Tarehe, kisha namba mbili za vipimo vya kizungushio: pale mshale wa redio ya kaka ulipokuwa walipoanza kuongea, na pale ulipokuwa walipoagana. Namba hizo hazikulingana hata siku moja. Na baada ya namba, maneno machache kwa mwandiko wa kaka uliosimama wima kama askari.

"Amepanda vitatu. Kwake jua kali."

"Amepanda kimoja tu. Nadhani kuna mawingu."

"Ametulia kiasi. Kwake mvua. Sauti yake ina furaha."

"Amepanda vitano na bado anapanda. Karakana ni tanuri. Nimemuaga mapema, akapumzike."

Miaka sita ya namna hiyo. Fundi alikaa kwenye stuli bila kuangalia inakokaa. Alielewa kila kitu kwa mara moja, maana ufundi alikuwa nao, alichokosa ni adabu. Osileta yake haikuwa imesimama hata siku moja. Ilipanda na joto kama mbuzi apandavyo kichuguu, na kaka, kule alikokuwa, mkono wake juu ya kizungushio, alikuwa akimfuata. Alimfuata kidogo kidogo huku wakiongea, huku wakicheka. Na alipojibu, alijibu kutoka palepale alipomkuta, ndiyo maana fundi hakuhisi tofauti. Mtu anayefuatwa vizuri namna ile hujiona amesimama.

"Kwa nini hakuniambia?" akauliza. Yeye mwenyewe alijua jibu. Aliambiwa, kwa kikaratasi, kabla ya yote.

Akafungua kurasa za mwisho. Mwandiko wa kaka ulikoma, ukaanza mwingine, wa duara, wa mtu asiyezoea kuandika.

"Sikutaka siku zake zibaki wazi," shemeji akasema kwa aibu. "Nikawa naandika nilichosikia."

Fundi akasoma. Siku ya kwanza: "Sauti ya bata. Sijaelewa." Siku ya pili: "Bata, kisha kuchemka kama maji." Siku ya tano: "Mvua haikunyesha hapa. Bata." Siku ya tisa: "Bata muda mrefu, kisha kimya. Amezungusha vidole vya mkono wa kushoto. Nimempa maji."

Alisoma mstari huo mara tatu.

"Shemeji," akasema, "ulikuwa husikii maneno?"

"Maneno? Hapana. Lakini mimi siku zote nikiwa jikoni nilisikia lile bata kwanza, halafu yeye hukaa pale, baadaye linakuwa sauti yako. Nilidhani ndivyo zilivyo hizo redio. Nilidhani yeye analielewa, mtu wa kazi ile miaka thelathini." Akaanza kuogopa uso wa fundi. "Kwani vipi?"

"Na vidole?"

"Alikuwa anavizungusha hivi." Aliinua mkono wake wa kushoto, akakutanisha kidole gumba na vile viwili vya mbele, akavizungusha hewani polepole, kulia, kidogo, tena kidogo. "Kila siku ukianza tu kuongea. Ananiangalia mimi, halafu redio, halafu anazungusha. Nilidhani kinywa kimekauka, anataka nimkorogee kitu. Nikampa maji. Anageuza uso."

Fundi alitazama vidole vile hewani. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema ni maumivu tu ya ugonjwa, na mama yule akarudi kwake na usingizi wake. Aliwaza hivyo, lakini shemeji alikuwa bado ameinua mkono, na sasa alikuwa akiutazama mwenyewe, kisha akaitazama redio mezani, kizungushio chake kikubwa cheusi. Mkono ukashuka taratibu.

"Mungu wangu," akasema. "Alikuwa anataka nizungushe."

"Hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyekwambia usiguse."

"Nilikuwa nampa maji!"

"Shemeji, nisikilize. Mimi ndiye niliyesema yangu haisogei."

Walilia wote wawili, na mke wa fundi, aliyeingia kuchukua vikombe, aliviacha akakaa katikati yao. Baadaye fundi aliwaeleza yote: droo, kikaratasi, kapasita za kahawia. Akawaeleza na kibao. Mkewe, mtu wa maneno mengi, alimshika mkono tu. Majuto ni mjukuu, huja mwisho, na huyu alikuja na mizigo yake yote akakaa.

Kesho yake fundi alitoa droo ya misumari, akaimwaga sakafuni. Ganda la kiberiti lilikuwa limekunjwa pembe, lakini pamba ilikuwa bado nyeupe. Shemeji alikaa kwenye stuli ya wateja akitazama.

Kwanza alitaka kujua kosa lake lilikuwa kubwa kiasi gani. Aliitoa osileta kwenye kasha lake, akaiweka ndani ya boksi la katoni, akawasha humo balbu ya umeme, na kando akawasha redio nyingine ya kununua iliyokuwa ikiinasa kama mluzi. Dakika ya kwanza mluzi ulianza kupanda. Dakika ya tano ulikuwa unatoboa masikio. Ya saba ukapanda juu ya usikivu wa binadamu, ukatoweka.

"Umekwenda wapi?" shemeji akauliza.

"Huko ndiko nilikokuwa nikiongea na kaka," fundi akasema.

Akazing'oa zile za kahawia, akachomelea vichwa vyeusi vinne. Balbu ikawashwa tena. Safari hii mluzi ulikaa, ukakaa, kisha ukashuka kidogo sana, kama mtu anayeketi. Fundi akakunja uso, kisha akaelewa: ni koili. Waya wa koili nao hutanuka kwa joto, na huvuta mambo chini. Akatazama ndani ya ganda la kiberiti, na pale palikuwa na ile moja yenye kichwa cha zambarau, ambayo siku zote alidhani imeingia kwa bahati mbaya. Hiyo ni ya aina inayokwenda na joto kinyume, kwa kipimo, inapandisha pale koili inaposhusha. Kaka hakuwa ameiona koili ile. Ila alijua itakuwapo, na alijua itafanya nini, akamtumia dawa yake mapema.

Fundi aliichomelea. Balbu iliwaka robo saa, nusu saa, boksi likanuka karatasi iliyoungua. Mluzi haukusogea.

"Ni hii tu?" shemeji akauliza. Alikiokota kikaratasi, akakisoma, akakirudisha kwenye pamba.

"Ni hii tu. Kazi ya asubuhi moja."

Kabla shemeji hajaondoka, fundi alipanda ngazi, akafuta mstari wa pili wa kibao kwa rangi nyeupe. Jirani akauliza vipi, fundi, umepata mwalimu? "Nilikuwa naye," fundi akajibu kutoka juu, na hakutania.

Walikubaliana: siku ya tatu, saa kumi na nusu, shemeji aiwashe redio ya kaka kwenye alama mpya ambayo fundi alimwandikia, wala asiguse kitu, na safari hii kwa haki. Siku hiyo bati lililia kwa jua. Fundi alibonyeza kitufe na, kwa kuwa hakujua aseme nini, akasema yale ya siku ya tisa. Kibao. Msumari. Kidole. Ahsante, kaka. Aliyasema yote mpaka mwisho, polepole, kwa mtu asiyekuwapo, na mkewe hakufunga mlango wa katikati.

Simu ikaita kabla hajalivua shati lililolowa jasho.

"Nimekusikia, shemeji," sauti ya mama yule ilisema. "Neno kwa neno. Ulianza wewe ukamaliza wewe, hakuna bata. Sikugusa."

"Mshale uko palepale?"

"Palepale. Nimefungua daftari niandike." Akasita, karatasi ikasikika ikifunuliwa. "Tarehe nimeandika. Namba nimeandika, zote mbili zinafanana. Sasa hapa mwisho, pale alipokuwa anaandika habari zako... yeye alikuwa anajuaje? Mimi sijui niandike nini. Kwako leo kukoje, shemeji? Kuna jua?"

Fundi alitazama redio yake, imesimama tuli kama alivyojisifu miaka sita, haimwambii mtu yeyote lolote.

"Lipo," akasema. "Andika lipo, shemeji. Jua kali sana."